Kina Mama Wamefunga kwa Ajili ya Msichana wa Kitabuni

Mpendwa Bi. Matheka,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wako na hao unaofanya nao kazi hapo gazetini, na lile goti lako uliloandika juu yake mwezi uliopita limepata nafuu, maana mimi nililiombea kwa jina. Kwa upande wangu mwili ni mzima, ni roho tu inayorukaruka kama njugu kwenye karai, na ndiyo sababu nimeshika kalamu kukuomba msaada. Tafadhali jina langu ulifiche, andika tu mama wa Mbotela, huu mtaa wetu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nimeokoka miaka kumi na tisa sasa, na katika ushirika wetu wa kina mama mimi ndiye kiongozi wa maombi, ninalo daftari ambamo haja zote zinaandikwa, nani anaumwa, nani hajapata mtoto, na tukijibiwa napiga alama. Shule nilifika kidato cha pili yakaishia hapo. Kazi yangu ni kukaanga njugu na kuziuza hapa nje ya nyumba, kando ya Ngigi fundi viatu, na kila mtu anajua njugu hufungwa kwa karatasi, kwa hivyo kila mwezi naenda Kariobangi kwa mzee mmoja wa karatasi kuukuu ananipimia kwa kilo, magazeti, vitabu vya hesabu, chochote, na mwaka jana akanipimia gunia zima la vitabu vya hadithi za vijana kutoka ng'ambo, vina muhuri wa maktaba ya huko, na kwenye majalada kuna wasichana nywele zinapepea, nyuma yao msitu, na ndani ya msitu macho mawili.

Mimi nilirarua tu bila kuangalia. Tunararua kutoka nyuma, maana mbele kuna jalada gumu linalosumbua, ndivyo tunavyofanya sisi wote wa njugu. Sasa siku moja saa tisa mchana nakunja karatasi jicho likaanguka kwenye mstari, msichana anaambiwa usifungue mlango hata ukisikia sauti ya mama yako, halafu mlango unagongwa, halafu sauti inasema, mwanangu, nifungulie. Bi. Matheka, mteja alikuwa amesimama mbele yangu mkono ameunyoosha na ile karatasi sikumpa. Nilimmwagia njugu mfukoni mwa koti.

Tangu siku hiyo nimesoma vitabu thelathini na kimoja. Nasoma Kiingereza polepole na kamusi ya binti yangu Lorine iko kwenye mapaja, na huyo Lorine yuko kidato cha nne na vitabu vya namna hiyo havitaki, anaviona vya watoto, ananiambia, "Mathe, hizo ni story za watoi! Mathe wa maombi anasoma mambo ya mazombi?" Na baba yake, mzee Wekulo, akirudi kutoka kiwandani akikuta nimeinama kwenye ukurasa husimama mlangoni akanusa, akasema, "Mama Lorine, ni njugu inaungua ama ni yule mchawi wako wameshamchoma?" Mimi nacheka tu. Kucheka kwenyewe sikuzuii tena, nacheka peke yangu nikipepeta, Ngigi ananiuliza kama nimepata mjukuu.

Wacha nikueleze ukweli, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumweleza na moyo umejaa. Kuna vitabu vizuri na kuna takataka. Wanyonya damu siwataki. Kijana amekaa duniani miaka mia mbili na hajajifunza hata kupika chai, anaketi dirishani anasikitika, na msichana mwenye akili zake anaona hiyo ndiyo ndoa. Mimi ningemwambia, kijana, inuka uchote maji. Kitu cha pili, mbona ukurasa wa kwanza lazima wazazi wafe? Vitabu kumi na tisa kati ya thelathini na kimoja, nimehesabu, mama amekufa kabla sijapata mahali pa kukaa vizuri, kama si ajali ni homa, hata mwandishi hampi nafasi ya kumwambia mtoto ajifunike. Mianzo yote inafanana. Na zile shule za kufundisha watoto uchawi, najua ni dhambi, lakini mimi nasumbuliwa na jambo lingine, watoto mia tatu ndani ya ngome, wanakula nyama kila siku, na sijaona hata mara moja mtu ameosha sufuria. Na utabiri wa kuokoa ulimwengu utamwangukia nani? Yule asiyetandika kitanda. Siku zote.

Lakini majoka, hapo nasema wazi, majoka nayapenda. Joka lina heshima, likisema litakuja, linakuja, na moto wake umeuona. Mizuka pia, ile ya wema. Kuna kimoja nyanya amekufa na bado anaishi ndani ya kopo la vifungo, mjukuu akishona vibaya kopo linatikisika, kile nilikilia mpaka njugu zikalowa chumvi ya pili. Na kitu kinachonifurahisha kabisa, kinachonifanya nimalize kazi mbio nirudi kwenye karatasi, ni kwamba katika vitabu hivi msichana anaambiwa na watu wazima wote keti chini, na yeye anasimama. Mimi nikiwa na umri huo niliambiwa keti, nikaketi. Sisemi niliteseka, Wekulo ni mume mwema. Lakini kusoma mtu akisimama kunanipa raha ambayo sikujua iko.

Sasa sikiliza kosa langu.

Kuna kitabu chenye jalada la zambarau, ndicho kizuri kuliko vyote. Msichana anaitwa Glendora, hana mama (bila shaka), baba ni mgonjwa, na amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mto, kijana mpole, anamletea kuni, anasema pole hata akikanyaga kivuli chake, lakini kuna siku anageuka mbwa mwitu na hajijui. Glendora anajua. Kijiji kinamwambia vumilia, ndivyo wanaume walivyo. Siku ya harusi inakuja, amevaa, ameshika kisu cha nyanya yake ndani ya mkono wa gauni, anatoka mlangoni, na hapo, Bi. Matheka, kitabu kimeisha. Kurasa arobaini za mwisho hazipo. Nilizirarua mimi. Mwisho wa Glendora niliuuza mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na chumvi juu.

Nilitafuta. Nilipita kwa wateja kama mtu aliyepoteza mbuzi. Karatasi moja tu niliipata, kwa Ngigi, ameikunja ndani ya kiatu cha mtu kisipoteze umbo. Mafuta yameila, nilisoma maneno haya tu, "Nitakwenda, lakini nikienda," basi, chini yake ni doa. Nikienda nini? Siku mbili sikulala vizuri.

Alhamisi ikafika, ushirika uko kwangu, kina mama kumi na mmoja, daftari limefunguliwa, nikauliza ni nani ana haja, kila mtu akasema yake, halafu wakaniuliza, na wewe mama? Na mimi, Mungu ananiona, moyo ulikuwa umejaa huyo mtoto, nikasema, kuna msichana mmoja anaitwa Glendora, hana mama, anataka kuolewa na kijana mzuri lakini ana kitu kinachomgeuza, akigeuka si mtu, na watu wanamwambia avumilie, na mimi sijui kama atapona. Nikalia. Nililia kweli.

Sikusema ni kitabu. Nilikuwa nataka kusema, lakini nilipoinua macho nikamwona Lydiah.

Lydiah, mama yake Maina, ndiye rafiki yangu wa miaka kumi na miwili, anauza sukuma wiki hatua nane kutoka kwangu. Mumewe wa kwanza alikuwa mnywaji na mikono yake ilikuwa mizito, hilo tunajua lakini hatusemi. Lydiah akasema polepole, "Huyo anakunywa. Mimi nilikuwa na mmoja. Mchana alikuwa ananibebea mtungi." Kisha akasema, "Wakati wangu hakuna mtu alinifungia hata siku moja. Huyu mtoto mimi nitamfungia mpaka tujue ametoka salama." Kina mama wote wakasema amina, na mkono wangu mwenyewe ukaandika Glendora kwenye daftari.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Wengine walifunga siku tatu wakaacha. Lydiah hajaacha. Hali kitu mpaka jioni, jioni ni chai ya rangi na kipande cha mkate, na huyu mama ana vidonda vya tumbo, daktari alimkataza kukaa na njaa. Juzi nimemwona ameshika meza yake ya mboga kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mama Maina, kula kidogo, Mungu ameshasikia." Akaniuliza, "Kwani umepata habari za mtoto?" Nikasema bado. Akasema, "Basi na mimi bado." Halafu akaniuliza anakaa wapi. Nikasema kando ya mto. Akasema mto gani, nikasema, Bi. Matheka nisamehe, nikasema huko upande wa Kariobangi.

Sasa wameamua kumtembelea. Jumamosi hii inayokuja, kina mama sita, wameshatayarisha unga, sukari, leso mbili mpya, na Lydiah ametoa sufuria yake kubwa ile nzuri, ya harusi. Mimi ndiye wa kuwaonyesha njia. Nitawapeleka wapi? Kwa mzee wa karatasi kuukuu?

Nikisema ukweli, kwanza Lydiah atajua amejiumiza tumbo kwa ajili ya mtu aliyetengenezwa kwa wino. Pili, siku hizi unajua habari za kuabudu shetani ziko kila mahali, mhubiri wetu amesema vitabu vya picha za ajabu vichomwe, na wakijua mama wa maombi ana thelathini na kimoja chini ya kitanda, daftari nitanyang'anywa na vitabu vitakuwa majivu. Nisiposema, Jumamosi inakuja. Lorine anasema, "Mathe, waambie tu alihama." Wekulo anasema waambie alikufa. Kumuua siwezi! Sijui hata kama amekufa!

Nifanye nini? Nipende vitabu au nipende rafiki? Na je, ni dhambi kumwombea mtu ambaye hayuko? Maana nakwambia kweli, hata sasa nikifumba macho bado namwombea.

Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumamosi, ukiweza hata kesho.

Ni mimi wako katika Bwana,
Mama wa Mbotela

*

Mama mpendwa wa Mbotela,

Goti langu limepona, asante, na sasa nimejua ni nani wa kumshukuru. Barua yako ilinifikia Jumatatu, nikaipitisha mbele ya barua za watu waliotangulia, na niseme ukweli, niliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kazi.

Nianze na kukukemea ili tumalize. Umekosa. Hukukosa kwa kusoma, wala hukukosa kwa kulia. Mtu anayeweza kumlilia msichana wa wino ni mtu ambaye moyo wake haujakauka, na ninaowajibu hapa kila wiki wengi wao hawawalilii hata watoto wao. Mifano husemwa hata madhabahuni, lakini mhubiri husema kwanza, ndugu zangu, huu ni mfano. Wewe hukusema. Na hilo nalo ningelisamehe, kwa sababu ulishikwa na machozi mbele ya watu. Lakini ulipoulizwa mto gani ukataja Kariobangi, hapo hapakuwa na machozi, mama, hapo palikuwa na uongo mkavu. Unajua. Ndiyo maana umeniandikia kurasa sita.

Unauliza upende vitabu au rafiki. Swali hilo limekaa vibaya. Vitabu havina vidonda vya tumbo. Kila siku unayongoja, Lydiah anashika meza kwa mikono miwili, na wewe uko hatua nane, unamwona. Unawacheka watu wazima wa kile kijiji wanaomwambia Glendora avumilie, na wewe umekaa hapo unamwacha Lydiah avumilie. Umesoma vitabu thelathini na kimoja vya wasichana wanaosimama. Simama basi.

Unaogopa atachukia kwamba alifunga kwa ajili ya mtu ambaye hayuko. Soma tena barua yako mwenyewe. Lydiah alisema, wakati wangu hakuna mtu alinifungia. Huyo aliyemfungia kwa wiki mbili yuko, mama. Ana miaka ishirini na kitu, amebebewa mtungi mchana, na jioni hakuna aliyemuuliza. Leo anauza sukuma wiki hatua nane kutoka kwako. Mwambie hivyo. Mwambie kwamba ulipolia, hukujua unamlilia nani, na sasa umejua. Atakasirika, muache akasirike, hiyo ni haki yake na usijitetee. Anaweza kukaa wiki nzima hakusalimii. Lakini mtu hukasirika vizuri zaidi akiwa ameshiba, kwa hivyo nenda na uji, uji laini usio na limau. Njugu usipeleke.

Kuhusu ushirika, kesho ni Alhamisi. Fungua daftari mwenyewe, ungama mwenyewe, kabla mtu hajakufungulia. Usiseme alihama. Usiseme alikufa. Mzee Wekulo mwambie nimesema akae na kiwanda chake. Sema, nilisoma kitabu, nikampenda mtoto wa ndani, nikawadanganya ninyi. Kisha kitoe kile cha zambarau ukiweke mezani, uwasomee ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, polepole, wasikie kama kuna shetani. Nina hakika hata mmoja hatainuka. Watakaotaka kukichoma watataka kwanza kujua kama harusi ilifanyika. Na kama daftari watalichukua, walichukue, utaombea bila daftari.

Zile leso, unga na sufuria vimeshatolewa kwa Mungu, visirudi majumbani. Mtaani kwenu mna msichana asiye na mama ambaye amechumbiwa na kijana mpole wa mchana. Usiniambie hayupo. Mwulizeni Lydiah, yeye ndiye mwenye jicho la kumtambua. Jumamosi nendeni kwake, na Lydiah ndiye aonyeshe njia. Wewe utabeba sufuria.

Na kusoma, endelea. Mzee wa karatasi mwambie akuwekee vya hadithi kando, ukunje njugu kwa vya hesabu. Ukilazimika kurarua, rarua mwanzo. Mianzo yote inafanana, umesema mwenyewe. Wanyonya damu nakubaliana nawe neno kwa neno. Kuhusu majoka hatujakubaliana, lakini hilo ni la siku nyingine.

Unauliza kama ni dhambi kumwombea mtu ambaye hayuko. Mimi si mchungaji. Najua tu kwamba maombi hayapotei njia, yakikosa mlango mmoja huingia wa jirani.

Sasa jambo la mwisho. Hapa ofisini tuna mpiga chapa, anaitwa Jacky. Alipokuwa akiipiga barua yako alisimama ghafla akapiga kelele, tukadhani ameumwa na nyuki. Kile kitabu cha zambarau anacho, kizima, alipewa na shangazi yake, amekisoma mara nne. Nimemfanya aninakilie kurasa arobaini za mwisho kwa mkono, na analalamika, na mimi nimezisoma. Ziko ndani ya bahasha, bahasha iko kwenye droo yangu, na ufunguo nimeuvaa shingoni. Nitaituma siku nitakayopata barua yako, yenye sahihi ya Lydiah chini, kusema amekula chakula cha mchana. Nitakudokezea neno moja tu ili upate nguvu za kutembea hizo hatua nane. Alichosema Glendora chini ya lile doa la mafuta ni, "Nitakwenda, lakini nikienda, nitakwenda kwa miguu yangu na mlango nitauacha wazi."

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Lakini mama, kina mama kumi na mmoja wanalijua jina la Glendora, na mbwa mwitu nitamficha wapi? Gazeti limetoka leo asubuhi, Jumatano, na najua Mbotela nakala moja husomwa na nyumba tano. Jirani yake Lydiah pengine ameshafika ukurasa wa michezo na anarudi nyuma kwenye ukurasa wetu huu.

Kwa hivyo usimalize kusoma hapa. Epua karai, mwambie Ngigi akuangalizie njugu, chukua uji, nenda.

Halafu uniandikie upesi. Jacky hatulii na mimi pia.

Bi. Matheka